Nusumaisha ya kafeini, au kwa nini chai ya jioni hukufuata kitandani

Kafeini ni ile kemikali ya kwenye chai na kahawa inayofukuza usingizi, na nusumaisha yake ni muda ambao mwili huchukua kupunguza kafeini iliyomo kwenye damu ibaki nusu. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, muda huo ni kama saa 5. Wengi wakisikia hivyo hudhani saa 5 zikipita mambo yamekwisha. La hasha. Zikipita 5 imebaki nusu, zikipita 10 imebaki robo, na robo ya kitu kikali bado ni kitu.

Tumchukue karani wa ofisi mjini Kampala. Saa moja asubuhi anakunywa chai ya maziwa kwa chapati, saa nne chai nyingine, saa saba baada ya matoke anajipa kahawa ili asisinzie mezani, na saa kumi na moja jioni chai tena, kwa sababu chakula cha usiku huku kwetu huchelewa. Tuseme kila kikombe cha chai kina miligramu 40 na kahawa ina 100. Akipanda kitandani saa nne usiku, damuni bado kuna karibu miligramu 60, yaani zaidi ya kikombe kizima cha chai. Chai ya asubuhi imebakiza kama 5 tu, haina kosa. Karibu 50 kati ya hizo 60 zimetoka kwenye vikombe viwili vya mwisho.

Na hapo nimekisia kahawa ya kawaida. Kahawa nyingi ya Uganda ni robusta, mmea wa asili katika maeneo haya ya Ziwa Victoria, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya ile ya arabika inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Hata buni zile kavu ambazo Waganda humkaribishia mgeni azitafune zina kafeini, ingawa hakuna anayezihesabu kama kinywaji.

Kafeini haiondoi uchovu. Ukiwa macho, ubongo hurundika kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kafeini huwahi kukalia nafasi ambazo adenosini ingekalia, basi ubongo haupati habari kwamba umechoka, huku adenosini ikiendelea kuongezeka nyuma yake. Kafeini ikipungua, usingizi hushuka kwa kishindo. Ukisimama jioni Namawojolo, kituo cha vyakula kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, mabasi ya kwenda mpakani yakizingirwa na wauza kuku na gonja (ndizi za kuchoma), utaona pia chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu zikipitishwa madirishani. Dereva anayeinywa hajapumzika hata dakika moja. Amekopa tu, na deni litadaiwa akiwa kwenye usukani.

Kuna wale wanaosema, "Mimi kahawa hainisumbui, nanywa na kulala fofofo." Nawaamini kwamba wanalala. Shida ni kwamba kafeini hupunguza ule usingizi mzito ambao mwili hupumzika kweli, na aliyelala hawezi kuupima mwenyewe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala. Kipimo walichovaa kilionyesha wamepoteza zaidi ya saa moja ya usingizi, lakini wenyewe hawakuligundua pengo hilo kikamilifu. Ndipo mtu huamka na kichwa kizito, akatafuta chai kali zaidi, na mzunguko ukaanza upya.

Hizo saa 5 ni wastani tu. Kafeini huvunjwavunjwa na ini, na maini hayafanani: wengine humaliza nusu kwa saa 2, wengine huhitaji 9. Sigara huharakisha kazi hiyo, hivyo aliyeacha kuvuta anaweza kushangaa kikombe chake cha kila siku kimekuwa kikali ghafla. Vidonge vya uzazi wa mpango huichelewesha karibu mara mbili. Mwishoni mwa ujauzito nusumaisha inaweza kufika saa 15, na ndiyo sababu mojawapo ya wajawazito kushauriwa wasizidi miligramu 200 kwa siku. Kwa watu wazima wengine kikomo ni 400.

Wanaofanya kazi usiku wageuze hesabu. Askari anayelinda geti tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi anywe mapema zamuni. Akinywa saa tisa za usiku, nusu ya kikombe atarudi nayo nyumbani, wakati jua linawaka, watoto wanapiga kelele na usingizi wenyewe ni wa kuwindwa.

Anayetaka kupunguza asikate vyote siku moja, maana kichwa kitamuuma, pengine kwa siku kadhaa. Aanze na kikombe cha saa kumi na moja. Tangawizi, mchaichai au mujaaja (mmea wa majani yenye harufu nzuri) vikichemshwa bila majani ya chai havina kafeini, na maziwa yanaruhusiwa. Tatizo ni mikahawa yetu: ukiagiza chai ya tangawizi, mara nyingi majani yamo tayari kwenye chupa tangu alasiri, kwa hiyo uliza kabla hujamiminiwa.