Utando mwembamba hulegea mapema

Kila nikirudi Mikindani likizo, mjomba ananiuliza lile lile: "We mwanangu, huko kazi yako ni kuchoma plastiki?" Safari hii nilichukua rula ya shule ya wajukuu, ile angavu inayovunjika kwa mlio, nikaisogeza jirani na jiko la mkaa. Kwanza kimya. Halafu ncha ikainama taratibu kama kuti. Haikuyeyuka, ililegea tu. Nilipoiondoa ikakakamaa na kigongo chake.

Rula za namna ile nyingi ni polistirini, nayo hulegea kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Mimi napima hilohilo, ila kwenye utando wa nanomita 20. Unywele mmoja ni mnene kuliko huo mara elfu kadhaa, kwa hiyo kuubonyeza haiwezekani. Natonesha polistirini iliyoyeyushwa kwa toluini, kimiminika cha kuyeyushia, juu ya kipande cha silikoni, nakizungusha kwa kasi, utando unabaki. Kisha elipsomita inaumulika: jinsi mwanga unavyorudi umebadilika ndivyo ninavyojua unene. Utando ukiwa mgumu hutanuka kidogo kwa kila nyuzi. Ukishalegea hutanuka zaidi. Kwenye grafu unaona mistari miwili, na kona yake ndiyo jibu.

Mwaka 1994 watafiti Keddie, Jones na Cory walionyesha kuwa polistirini ya nanomita 10 juu ya silikoni hulegea nyuzi 25 hivi mapema. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba minyororo ya molekuli ya juu, iliyopakana na hewa, haina wa kuibana. Chini nako kuna neno: plastiki nyingine, akriliki ya PMMA, hushikana na silikoni, joto lake la kulegea likapanda, iweke juu ya dhahabu, linashuka.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata mshuko wa nyuzi 40, nikawapigia simu nyumbani. Kumbe toluini ilikuwa imebaki ndani, inalainisha kama mafuta kwenye unga. Siku hizi utando unalala usiku kucha kwenye oveni isiyo na hewa, nyuzi 150, ndipo naugusa. Tena nasoma wakati unapoa, si unapopashwa, maana mpasho wa kwanza unakusimulia tu jinsi ulivyokaushwa kwa haraka. Na kasi ya kupoza lazima iandikwe: ukiizidisha mara 10, kona inasogea juu nyuzi 3 hivi. Grafu isiyotaja kasi huwa namrudishia mwenyewe.