Shangazi, hiyo miaka 823 imetoka wapi?

Februari 2025 ilipoanza, shangazi yangu wa Ujiji alirusha kwenye grupu la ukoo ule ujumbe mnaoujua: mwezi huu una Jumamosi nne, Jumapili nne, Jumatatu nne, mpaka Ijumaa nne, jambo linalotokea mara moja tu kila miaka 823, watumie watu watano upate pesa. Chini yake "Amina" zikamiminika. Mimi ndiye mwalimu wa hisabati wa ukoo, kwa hiyo haikupita nusu saa nikaitwa kwa jina.

Nikaanza na shikamoo, maana kumsahihisha shangazi bila shikamoo ni kesi nyingine. Kisha nikamwomba agawe 28 kwa 7.

Februari yoyote ya siku 28 ina kila siku ya juma mara nne kamili. Mwaka 2023 ilikuwa hivyohivyo. Na hiyo 823 haiwezi kuwa kweli kwa jambo lolote linalohusu tarehe na siku za juma. Kalenda za mwaka ziko za aina 14 tu: mwaka huanza siku mojawapo kati ya saba, na huwa mfupi (siku 365) au mrefu (siku 366). Aina hizo hupokezana, na baada ya miaka 400 mzunguko wote unaanza upya, kwa sababu miaka 400 ina siku 146,097, ambazo ni majuma 20,871 bila baki. Kisichotokea ndani ya miaka hiyo 400 hakitatokea kamwe.

Hata hivyo Februari ile ya shangazi ilikuwa na jambo lake, ila ujumbe haukuliona. Ilianza Jumamosi. Sikiliza majina yetu: Jumamosi, mosi, Jumapili, pili, Jumatatu, tatu. Kwa Kiswahili juma linaanza Jumamosi, hata kama kalenda za ukutani tunazogawiwa zinaanza Jumapili au Jumatatu. Ichore Februari 2025 kwa hesabu hiyo: tarehe mosi inakaa chini ya mosi, na mwezi mzima unakuwa boksi la mistari minne lisilo na tundu. Ilikuwa hivyo 2003 na 2014, na itakuwa hivyo tena 2031. (Juma letu lina tano mbili, kwa taarifa yako. Jumatano ni ya tano kwa hesabu yetu, na Alhamisi ni ya tano kwa Kiarabu, ambako wanaanzia Jumapili. Kidato cha kwanza huwa wanabisha mpaka wahesabu vidole.)

Ukitaka mamia ya miaka kweli, tafuta tarehe zinazosomeka vilevile kutoka mbele na kutoka nyuma, kama neno "ada". Kijana mmoja wa Mwanga niliyewahi kumfundisha alinijia na tarehe ya harusi: 22/02/2022. "Mwalimu, hii hairudi tena." Nikamwuliza kama ameangalia ni siku gani. Jumanne. Kamati ya harusi ilimaliza mjadala kwa swali moja: nani atatoka Kasulu Jumanne? Akaoa Jumamosi, tarehe 26.

Lakini jicho lake lilikuwa zuri. Andika siku, mwezi na mwaka kwa tarakimu nane. Ili zisomeke kinyumenyume, mwezi lazima uwe tarakimu mbili za mwanzo za mwaka zilizogeuzwa. Sisi tuko kwenye 20. Ukiigeuza unapata 02. Basi tarehe zote za namna hii katika karne yetu ziko Februari. Siku nayo ni tarakimu mbili za mwisho za mwaka zilizogeuzwa, hivyo kila siku ya Februari ina mwaka wake mmoja: tarehe 1 ina 2010, tarehe 2 ina 2020, tarehe 3 ina 2030. Tarehe 29 inadai mwaka 2092, na 2092 ni mwaka mrefu! Zinatimia 29, hakuna inayobaki nje. Hapo huwa naweka chaki chini.

Sasa rudi nyuma. Miaka ya 1900: 19 ikigeuzwa ni 91, na mwezi wa 91 haupo. Miaka ya 1800 inataka mwezi wa 81. Unashuka hivyo mpaka 1200, inayotaka mwezi wa 21. Miaka ya 1100 ndiyo inayopata mwezi wa 11. Ya mwisho kule ilikuwa 29/11/1192, na iliyofuata ni 10/02/2001, zaidi ya miaka 808 baadaye. Misafara ya pembe kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, reli kufika Kigoma mwaka 1914, Uhuru mwaka 1961, yote yalipita katikati ya pengo hilo. Sisi tumeshaona nane. Anayehesabu kwa Hijria bado yumo kwenye pengo lake: mwaka wake unaanza na 14, na 14 ikigeuzwa ni 41.

Yote hayo yanategemea namna ya kuandika. Marekani wanatanguliza mwezi, kwa hiyo 22/02/2022 kwao haikuwa kitu. Tarehe 02/02/2020 ilikubali kwao na kwetu. Kabla yake iliyokubali hivyo ilikuwa 11/11/1111, na ijayo ni 12/12/2121. Kwenye saa ndiko kunakochekesha. Tarehe 11/11/2011 kuna waliosubiri simu iandike 11:11, wakati kwa Kiswahili ilikuwa saa tano na dakika kumi na moja asubuhi.

Mpangilio ninaoutumia kweli ni wa Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya tarehe 8/8. Tarehe 4/4, 6/6, 8/8, 10/10 na 12/12 huangukia siku moja ya juma kila mwaka, kwa kuwa kati ya moja na inayofuata kuna siku 63, yaani majuma tisa. Ukijua Nane Nane ya 2025 kwenye viwanja vya Ipuli, Tabora, ilikuwa Ijumaa, 12/12 ya mwaka huo nayo ni Ijumaa.

Yule kijana ameniuliza juzi ijayo ni lini. 03/02/2030 ni Jumapili, 13/02/2031 Alhamisi, 23/02/2032 Jumatatu. Jumamosi ya kwanza ni 04/02/2040. Ana mdogo wake yuko darasa la tatu. Kamati inaweza kuanza kukusanya michango.