Kitufe cha kurudi hakiujui upepo wa kusi

Juzi tena. Kijana kanunua droni ndogo ya mtumba, DJI Mini 2, anataka nimfundishe kwa nusu saa tu, "maana yenyewe inaruka tu, mwalimu". Nikamuuliza: ikienda mbali ukaanza kuogopa, utafanyaje? Akanionyesha kitufe cha kurudi nyumbani. Jibu hilo limenichosha. Kila nikilisikia naiona droni nyingine inakwenda kulala baharini.

Kitufe chenyewe kinafanya mambo machache. Ukiwasha droni na setilaiti zikatosha, inaandika mahali ilipo, na hapo ndipo nyumbani kwake. Ukibonyeza, inapanda hadi kimo ulichokipanga mwenyewe, inakuja kwa mstari ulionyooka, inashuka. Basi. Mini 2 haina sensa za mbele, kwa hiyo kama kimo umeweka mita 20 na njiani kuna mnazi wa mita 25, itaingia kwenye makuti. Ukiirushia botini na boti ikasogea, itashuka pale boti ilipokuwa, yaani majini.

Hayo mawili wanafunzi wangu huyashika upesi. Wasiloshika ni upepo.

Chukua Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Msimu wa kusi, ukisimama ufukweni ukatazama bahari, upepo unatoka mgongoni. Wewe huusikii sana, maana nyumba na miti vinakukinga. Droni ikishapita juu ya minazi, inakutana nao wote. Mvuvi yeyote wa pale anajua kwamba upepo wa tezi, unaokusukuma kutoka nyuma, ni raha, na upepo wa omo, unaokujia kwa mbele, ni kazi, ndiyo maana ngalawa ikirudi inapiga bisho, yaani inakwenda kwa kupindapinda. Droni haipigi bisho. Inaukabili upepo uso kwa uso mpaka betri iishe.

Tupige hesabu. Mini 2 katika mwendo wa kawaida haizidi mita 10 kwa sekunde, upepo ukiwa umetulia. Kusi ikivuma mita 8 kwa sekunde, kurudi unabakiwa na mita 2. Ukiwa umeenda mita 600, safari ambayo kwenda haikumaliza dakika moja, kurudi ni sekunde 300: dakika tano nzima. Na hapo umebonyeza kitufe, droni imepanda hadi mita 100 ulizoweka kwa kuogopa minazi, na huko juu upepo kwa kawaida ni mkali zaidi. Ukifika mita 10 kwa sekunde, droni inasimama hewani. Ukizidi, inarudi nyuma huku pua imeelekea nyumbani.

Nimeyaona hayo kwenye skrini ya mwanafunzi wangu. Umbali ulisoma 640, kisha 643, kisha 647. Yeye anasema, "Mwalimu, si inarudi?" Nikamwambia sitisha kurudi, shusha mpaka mita 15, weka mwendo wa spoti. Spoti inafika mita 16 kwa sekunde, na huko chini upepo ulikuwa hafifu. Umbali ukaanza kupungua. Ilitua mchangani ikiwa na asilimia 6, na betri ilikuwa ya moto hata kuishika shida. Usishuke zaidi ya hapo juu ya maji, maana sensa za tumboni mawimbi huzichanganya.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: anza kwa kwenda upande upepo unakotoka. Kurudi utasukumwa. Na ikiwa imesimama hewani, itazame mkao wake. Ikiwa imeinama sana na propela zinalia kwa sauti kali, inapigana. Ishushe.

Kuhusu betri sina namba moja ya kukupa. Asilimia kwenye skrini ni makadirio, na betri kuukuu ikipita 20 huweza kuporomoka ghafla. Mimi hugeuza kwenye 50. Wenzangu hungoja 40. Kwenye kusi kali nimegeuza hata kwenye 70.

Jambo jingine linalonisumbua bado: mwanafunzi aanze na kidroni cha bei nafuu kisicho na GPS, au na Mini 2 hii hii? Nimebadili msimamo mara mbili. Kisicho na GPS kinafundisha vidole haraka, lakini kinapeperushwa na kila kiupepo, na wengine hukata tamaa wiki ya kwanza. Kwa sasa naanza na Mini 2, ila pua yake ikitazama kwako. Hapo kulia kunakuwa kushoto, na wengi ndipo wanapogonga ukuta. Dakika 10 za pua kwako kila siku, mita 3 juu, uwanja mtupu. Usipomudu hilo, kitufe ukikisitisha hutajua usukume stiki wapi.

Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kitafute kabla ya yote; hilo halina mjadala.

Kijana anakuja Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nimemwambia alete betri zote tatu na asahau habari ya nusu saa.