Je, wajua kwa nini vihisi vinne vya umbali vinaweza kukosea zaidi kuliko kimoja?

Wengi huamini kwamba anayetaka kupima umbali kwa usahihi zaidi anahitaji tu kuongeza vihisi vya mwanga, yaani vifaa vidogo vinavyopima umbali kwa mwanga, na kuchukua wastani wa majibu yake. Imani hiyo ina ukweli nusu. Kosa la nasibu, yaani mtikisiko mdogo unaopandisha kipimo kimoja na kushusha kingine, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vihisi: vinne hulifanya nusu, na ili libaki sehemu moja ya kumi vinatakiwa 100. Kosa linaloegemea upande mmoja halipungui hata kidogo. Vihisi vilivyowekwa nyuma ya kioo kimoja chenye vumbi, ambacho hurudisha sehemu ya mwanga kabla haujatoka, huenda vyote vikasema kitu kiko karibu kuliko kilivyo, na kukubaliana kwao si ushahidi wa lolote.

Tena vyenyewe huvurugana. Kihisi cha aina hii hutoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kupima muda wa kwenda na kurudi. Milimita 1 ya umbali ni takriban pikosekunde 7 tu, na pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Chukua watu wanne mbele ya jabali, kila mmoja akipiga kofi na kuhesabu muda hadi mwangwi urudi. Makofi yanafanana, hivyo anayesikia mwangwi wa jirani huudhania wake, na hesabu yake huharibika bila yeye kujua.

Dawa ya kwanza ni zamu: kimoja kikipima, vingine vinyamaze. Gharama yake ni muda, kwani vinne vinavyohitaji milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 33 kila kimoja humaliza mzunguko kwa milisekunde 132, na kitu kinachokwenda mita 1 kwa sekunde kitakuwa kimesogea sentimita 13. Kwa kitu kilichotulia hilo halidhuru.

Dawa ya pili inashangaza zaidi: kila kihisi kibadilishe kidogo, bila mpangilio, wakati wa kutoa mwanga wake. Mwangwi wa jirani hauachi kuja, ila huangukia mahali tofauti kila mara. Lililokuwa kosa la upande mmoja hugeuka la nasibu, na wastani uliokuwa bure hapo awali huanza kufaa. Hata hivyo, kila kihisi kilinganishwe kwanza na umbali unaojulikana, na katika wastani kile kinachotikisika zaidi kipewe uzito mdogo.