Seli ya mafuta hutoa leptini, haiitupi

Juzi kwenye somo la lishe nilisikia tena mtu akieleza, kwa nia njema kabisa, kwamba leptini, homoni inayoundwa na seli za mafuta, ni "takataka inayotolewa na mafuta ya mwili". Wasikilizaji waliinamia madaftari wakaandika, na hilo ndilo lililoniuma.

Leptini hutolewa kwa sekresheni, yaani seli kuunda kitu kwa kusudi na kukipeleka nje ya utando wake kikafanye kazi. Kuondoa taka ni jambo jingine, nalo lina jina katika vitabu vyetu vya biolojia: utoaji takamwili. Hiyo ni kazi ya figo zinapoondoa urea, taka iliyomo katika mkojo.

Kinachotukwaza ni kitenzi chetu. Mtu hutoa taka, na mtu huyo huyo hutoa sadaka. Wahenga waliposema kutoa ni moyo, hakuna aliyefikiria jalala. Tezi inapotoa homoni, ni kutoa kwa namna ya sadaka.

Kilatini nacho kilianza na kitenzi kimoja, cernere, yaani kuchekecha. Mtazame mama anayechekecha unga wa mahindi: kiganja kinapiga ukingo wa chekeche, unga unashuka kwenye sinia, pumba zinabaki juu. Secernere ni kutenga kando, na humo ndimo ilimotoka sekresheni. Excernere ni kuchekecha na kutoa nje, kama pumba zinavyokwenda kwa kuku, na humo ndimo ilimotoka ekskresheni, yaani utoaji takamwili. Chekeche ni lile lile, ila unga una mwenyewe anayeungoja. Neno la Kiingereza lenye maana ya siri limetoka kwenye secernere pia, kwa kuwa siri ni kitu kilichotengwa kando. Nadhani ndiyo sababu nimewahi kusoma kwamba tezi hutoa "usiri". Siri yetu ni sirr ya Kiarabu, haina undugu na chekeche hilo.

Sasa itazame leptini yenyewe. Jeni yake ilipatikana mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, na jina lake limetokana na leptos ya Kigiriki, "embamba". Seli ya mafuta huiunda ikiwa na asidi amino 167, ambazo ndizo matofali ya protini. Zile 21 za mwanzo ni kama anwani: huielekeza kwenye retikulamu ya endoplazimu, karakana ya protini ndani ya seli, kisha hukatwa, zikabaki 146. Hapo hupita kwenye Golgi, kituo cha seli cha kufungashia protini, hupakiwa katika vifuko, vifuko huungana na utando, na leptini huingia kwenye damu kuupasha ubongo habari za akiba ya mafuta. Adiponektini, homoni nyingine ya seli za mafuta, hukaguliwa zaidi: molekuli zake hufungwa tatu tatu, na protini iitwayo ERp44 huzirudisha ndani zile ambazo hazijakamilika. Taka haikaguliwi hivyo.

Kuna kosa dogo kwa upande wa pili, na hili hata wasomi wenzangu hulifanya. Insulini ikifika, vifuko vyenye GLUT4, protini iliyo mlango wa glukosi, huungana na utando kama vile vya leptini, basi husemwa kwamba seli "imetoa GLUT4". Haikuitoa. GLUT4 hubaki imepachikwa kwenye utando, ikipitisha glukosi kuingia ndani, na baadaye hurudishwa ndani ya seli. Hapo, ndugu yangu, sema tu kwamba insulini imeipandisha kwenye utando.