Mpango wa kurejesha kazi baada ya janga: maana yake kwa biashara ya Goma yenye kompyuta za zamani

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, iliamriwa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Mhasibu wa depo moja ya dawa ambayo mimi ndiye fundi wake alishika njia ya Sake kwa miguu, godoro kichwani, na diski ya nje ameifunga kiunoni kwa kitenge. Madeni ya wateja wote yalikuwa humo. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Tuliporudi, umeme nao ukarudi kwa kishindo, ukaunguza serva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine. Diski ilikuwa nzima, lakini hatukuwa na mashine ya kuisoma. Programu ya stoku ilikuwa ya zamani, haikukubali kompyuta mpya, sidii yake haikuonekana, na aliyeiweka alishahama mji. Wiki tatu depo iliandika kwa kalamu.

Mhasibu yule alikuwa na nakala, hakuwa na mpango. Mpango wa kurejesha kazi baada ya janga ni maandishi yaliyotayarishwa mapema yanayoeleza kwamba mashine zikipotea leo, nani atafanya nini, kwa kifaa gani na wapi, mpaka kazi irudi. Na janga si volkano peke yake. Ni mwizi, ni moto, ni kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa, ni mapigano kama yale ya Januari 2025 yaliyouacha mji bila umeme wala maji.

Kabla ya kununua chochote, mwenye biashara ajibu maswali mawili. Niko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Ukinakili kila Ijumaa jioni na serva ikafa Alhamisi, mauzo ya karibu wiki nzima yamekwenda. Na je, naweza kukaa bila mfumo kwa muda gani? Muuza vitenge atavumilia daftari siku kadhaa. Depo ya dawa, ambako kila boksi lina tarehe yake ya kuisha, haitavumilia. Fundi asikujibie, hasara haitakuwa yake.

Mtandao wa kompyuta uliozeeka una shida yake ya pekee: kilichoharibika hakipatikani tena dukani. Kadi inayounganisha diski za serva ikifa, mara nyingi utatafuta ya aina ileile, ambayo haitengenezwi tena. Windows Server 2008 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na ile ya 2012 tarehe 10 Oktoba 2023, kwa hiyo matundu yake yanabaki wazi kwa virusi. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa mpango huwa orodha: kila mashine, umri wake, programu na toleo lake, na nywila ndani ya bahasha iliyofungwa. Kisha, serva ya zamani ikiwa bado inapumua, ihamishwe yote, pamoja na mfumo na programu zake, iwe faili moja inayoweza kuwashwa ndani ya kompyuta mpya. Kazi hiyo ifanywe sasa, si siku ya msiba.

Mafundi wana kanuni ya nakala 3, kwenye vyombo vya kuhifadhia vya aina 2, na 1 iwe mbali. Hapo kwenye "mbali" ndipo watu wa Goma tunapokosea. Wengi huweka nakala Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wakaona wamemaliza. Lakini mitetemeko ya 2021 ilipasua kuta za huko pia. Volkano ni ileile, ziwa ni lilelile. Mimi huwashauri wateja wapeleke nakala Lubumbashi au zaidi, na kama intaneti ni nzito, watume usiku yale yaliyobadilika tu.

Depo ile sasa hujaribu mara mbili kwa mwaka. Tunazima serva Jumapili asubuhi, mhasibu anafungua bahasha na kuwasha nakala kwenye kompyuta nyingine, mimi nimeketi kando bila kugusa kitu. Mara ya kwanza ilimchukua saa tisa. Juzi, saa moja na nusu, na ankara ya kwanza ikatoka kwenye printa ikiwa na deni sahihi la mteja.