Karavani katika nyika ya Australia: dhana potofu na ukweli wake

Mke na mume wakitangaza kwamba watavuta karavani, nyumba ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari, kutoka Port Augusta kusini hadi Darwin kaskazini, swali la kwanza huwa ni nyoka. Uzito hakuna anayeuuliza, ingawa uzito ndio unaopasua matairi, unaovunja springi na kuwapindua watu barabarani. Tuanze nao.

"Gari lina uwezo wa kuvuta tani 3.5, basi karavani ya tani 3.5 ni halali yake"

Kilo 3,500 zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari ni kikomo kimoja tu kati ya kadhaa. Kuna GVM, uzito wa juu wa gari pamoja na kila kilichomo. Kuna GCM, uzito wa juu wa gari na karavani kwa pamoja. Karavani nayo ina ATM yake, uzito wake wa juu pamoja na mzigo, iliyogongwa kwenye kibao cha chuma karibu na mlango au mbele kwenye chesisi. Na kuna uzito unaolikalia tufe la chuma ambapo pua ya karavani inafungwa.

Piga hesabu. Pikapu yenye GCM ya kilo 6,000 ikivuta karavani ya 3,500, yenyewe inabakiwa na 2,500. Ikiwa tupu, tanki limejaa, tayari ni kama 2,150. Watu wawili, kilo 150. Bampa ya chuma ya kukinga kangaruu, 60. Kibanda cha nyuma, 100. Zimebaki 40 za friji, zana, maji ya akiba na spea, na hapo nguo bado ziko nyumbani. Karavani yenyewe inajaa haraka vilevile: matanki mawili ya lita 80 ni kilo 160 za maji, na mtungi wa gesi wa kilo 9, ukihesabu na chuma chake, unakaribia 18.

Dawa yake ni mizani, ileile inayopimia malori. Nenda mkiwa mmepakia kila kitu, maji na nyinyi wawili ndani. Pima mara tatu: gari na karavani kwa pamoja, kisha matairi ya karavani peke yake ikiwa bado imefungwa kwenye gari, kisha karavani iliyofunguliwa. Tofauti ya vipimo viwili vya mwisho ndiyo uzito ulio kwenye tufe. Kwa karavani nyingi za Australia, karibu asilimia 10 ya uzito wa karavani hufaa. Karavani ya kilo 2,500 basi iweke kama 250 kwenye tufe.

"Karavani ikianza kuyumba, ongeza mwendo inyooke" na pacha wake, "kanyaga breki"

Yote mawili yanaweza kukuangusha. Ukikanyaga breki ya mguu kwa nguvu, gari linapunguza kasi huku karavani ikilisukuma kutoka nyuma, na mkunjo unazidi. Ukiongeza mwendo, unaipa nguvu ileile inayoiyumbisha. Kinachofanya kazi ni kuachia mafuta taratibu, kushika usukani ukiwa umenyooka bila kukimbizana na mtikisiko, na kusukuma kwa mkono swichi ya kontrola ya breki za karavani iliyopo karibu na dereva. Karavani inajivuta nyuma yenyewe na msafara unanyooka. Wote wawili mjue swichi hiyo ilipo bila kuangalia.

Chanzo cha kuyumba kwa kawaida ni upakiaji: baiskeli mbili, spea mbili na galoni za mafuta kwenye bampa ya nyuma. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Vyepesi ndivyo viende nyuma. Mwendo nao una sehemu yake. Northern Territory, upande wa kaskazini, ina vipande vya Stuart Highway, barabara kuu ya Port Augusta hadi Darwin, vinavyoruhusu kilomita 130 kwa saa, lakini kibali hicho hakikuandikwa kwa ajili ya karavani. Kati ya 90 na 95 ndipo pa kukaa, na katika jimbo la Western Australia sheria yenyewe inamzuia anayevuta asizidi 100.

"Lori refu likija nyuma, toka barabarani lipite"

Malori yanayovuta matela matatu, yale wenyewe wanayaita rodi treni, hufika urefu wa mita 53.5. Ukishuka ghafla pembeni penye changarawe, unarusha mawe, unatimua vumbi linalomziba dereva macho, na karavani yako inaweza kuzama upande mmoja. Baki kwenye njia yako, shika mwendo ule ule. Redio ya UHF iwe chaneli 40, mwambie umemwona. Akishatoka upande wa pili kukupita, punguza kidogo ili arudi mapema. Tarajia upepo: kwanza utakusukuma nje, kisha utakuvuta ndani.

Isipokuwa kwenye barabara za zamani zenye lami ya upana wa gari moja. Huko lori likija mbele yako, punguza, shuka lami matairi yote na simama. Yeye hawezi kushuka.

Kumpita yeye ni jambo jingine. Ukiwa na karavani unahitaji zaidi ya kilomita moja ya barabara nyeupe mbele yako, na mara nyingi busara ni kusimama unywe chai yeye atangulie.

"Upepo wa tairi ni ule ule, lami au changarawe"

Barabara za vumbi kama Oodnadatta Track, karibu kilomita 620 kutoka Marree hadi Marla, zina matuta madogo yaliyopangana kama bati la paa, pamoja na mawe makali. Tairi lililojazwa kwa ajili ya lami hupiga jiwe badala ya kulifuata, na hapo ndipo hupasuka. Tairi la karavani linalotembea lami kwa psi 50 lishushe hadi kama 38, mwendo nao ushuke: 80 au chini yake, hata 60 penye matuta mabaya. Upepo ukipungua na mwendo ukabaki juu, ubavu wa tairi unachemka. Ukirudi lami, jaza tena kabla ya kuondoka, kwa hiyo kompresa ya volti 12 na geji nzuri si anasa.

Kipimo rahisi: pima tairi la baridi asubuhi, pima tena baada ya saa moja. Kwa tairi za magari ya kazi, ongezeko la psi 6 hivi ni sawa. Likizidi hapo, ulianza na upepo mdogo, au umepakia kupita kiasi, au unakimbia mno. Ongezeko likiwa dogo sana, upepo ulikuwa mwingi. Weka pia vipima upepo visivyo na waya kwenye matairi ya karavani. Karavani ya ekseli mbili ikipasukiwa tairi moja, dereva anaweza asihisi chochote hadi vipande vya mpira viwe vimeshang'oa mabomba ya maji chini ya sakafu.

Mabomba hayo ni kisa kingine. Matanki hukaa chini ya chesisi, na jiwe moja linatosha kumwaga yote. Ndiyo maana lita 20 za kunywa lazima ziwe ndani ya gari, mbali na tanki. Kwenye joto hesabu angalau lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa tu. Mkiharibikiwa, kaeni na gari: gari linaonekana kutoka angani, mtu anayetembea haonekani.

"Bila magaloni ya mafuta hufiki"

Kwa njia kuu, si kweli. Pengo refu zaidi la mafuta kwenye Stuart Highway ni Glendambo hadi Coober Pedy, karibu kilomita 254. Ukivuka uwanda wa Nullarbor kwa Eyre Highway, mapengo makubwa ni kama kilomita 190. Hata karavani ikinywesha gari lita 20 kwa kilomita 100, kilomita 254 ni lita 51. Tanki la lita 80 linatosha, mradi ujaze kila kituo na usipige hesabu ya matumizi ya gari tupu. Magaloni yana maana kwenye njia kama Great Central Road, ambayo pia inahitaji kibali cha kupita ardhi ya wenyeji wa asili, na kibali huombwa kabla hujafika.

Wenye magari ya petroli husikia pia kwamba petroli ya Opal inaua injini. Ni petroli ya kawaida iliyopunguzwa kemikali zinazolevya, ikasambazwa Australia ya kati kuwaokoa vijana waliokuwa wakiinusa. Gari linalotumia petroli ya oktani 91 linaitumia bila shida.

"Jangwa ni joto, tuchukue sola na kiyoyozi"

Msimu wa karavani katikati ya nchi ni Mei hadi Septemba, na usiku wa Julai Alice Springs joto hushuka hata chini ya sifuri. Beba blanketi. Kwenda kiangazi cha Desemba, joto likipita 40, ni kutafuta taabu. Kaskazini, Novemba hadi Aprili ni masika, barabara za vumbi hufungwa, na kuendesha kwenye barabara iliyofungwa kuna faini.

Kuhusu kiyoyozi: betri ya lithiamu ya Ah 200 ina takriban Wh 2,560. Kiyoyozi cha wati 1,200 kinaimaliza kwa saa mbili hivi. Mkihitaji baridi, lipieni kambi yenye umeme. Sola ni ya friji, taa na pampu ya maji. Friji ya kompresa ndiyo inayofaa. Ile ya gesi hulegea joto likizidi, na hutaka karavani isimame sawasawa, isiinamie upande.

"112 inafika hata pasipo na mtandao"

Haifiki. 112, namba ya simu ya dharura, hutumia mnara wa kampuni yoyote uliopo karibu. Pasipo na mnara wowote, imekwisha. Ujumbe wa setilaiti wa simu mpya ni huduma nyingine. Mbebe kifaa cha dharura cha masafa ya 406 MHz, kilichosajiliwa bure kwa AMSA, mamlaka ya Australia inayoratibu uokoaji. UHF ni ya kuongea na walio karibu: 40 ya malori, 18 ya wenye karavani, 5 na 35 ni za dharura tu, si za soga.

Nyoka, basi

Wanaokufa kwa nyoka nchi nzima ni wachache mno kwa mwaka. Vaa viatu, beba bandeji pana ya kufunga kiungo chote, usikate wala kufyonza jeraha. Hofu yako iweke kwa kangaruu alfajiri na magharibi, na ng'ombe wasio na uzio. Ukiwa na karavani nyuma usikwepe kwa kona kali: funga breki ukiwa umenyooka. Afadhali uwe umeegesha kabla jua halijazama. Mamba wa maji ya chumvi ni suala la kaskazini, na hapo vibao vinasomwa kwa utii.

"Dereva ni mmoja, mwingine anatazama mandhari"

Leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha kuvuta karavani huko, na kwa Mtanzania au Mkenya kuendesha kushoto si kitu kipya. Kwa hiyo wote wawili wajue, kwani mmoja akiugua mwingine ndiye atakayefika hospitali. Kufunga karavani kufanywe kwa mpangilio uleule kila siku, mmoja akifanya na mwingine akihakiki kwa sauti: kabari kwenye magurudumu, pua ifungwe juu ya tufe na kujaribiwa kwa jeki, minyororo miwili ipishane chini, waya wa breki ya dharura, plagi, gurudumu dogo la mbele lipandishwe, taa zijaribiwe, breki ya mkono ya karavani iachiliwe, kabari zitolewe mwisho. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simameni, kazeni nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo, kisha gusa kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, beringi au breki yake ina tatizo, na linaweza kutengenezwa Port Augusta siku hiyohiyo.